Kiti cha bosi hakina mtu, karani anaumia mgongo

Ukitaka kujua nani ana cheo katika ofisi yoyote hapa Garissa, usihangaike kusoma kibao cha mlangoni. Angalia viti. Kile cheusi cha ngozi, chenye magurudumu, kinachopanda na kushuka ukivuta kijiti cha chini, ni cha bosi. Kile cha mbao chenye mto uliolala kama chapati ni cha naibu wake. Halafu kuna kile cha plastiki, kama vile tunavyokodisha kwa harusi, mguu mmoja umeanza kupinda. Hicho ni cha karani wa kuingiza data, binti wa miaka 24 anayepiga chapa kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Sasa nikuulize: kati ya hao watatu, nani anakaa zaidi? Bosi leo ana mkutano, kesho semina Naivasha, kesho kutwa yuko Nairobi kufuatilia mambo. Kiti chake kinapepewa na feni tu. Karani naye hatoki. Fomu zinaletwa kwa katoni, na kila moja lazima iingie kwenye kompyuta kabla ya Ijumaa.

Yaani tumegawa viti kwa kufuata cheo, wakati mwili unahesabu saa. Na ndiyo maana vijana wengi wa huku, hata miaka 30 hawajafika, wanashika kiuno wakiinuka kama wazee waliotoka kwenye safari ya Mandera.

Mimi si daktari, tuelewane mapema. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo riziki yangu inatoka kwenye kibodi: kuandika, kunakili sauti za watu ziwe maandishi, kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Nimefanya hiyo kazi kwenye saiba, kwenye ofisi ya watu, na kwenye godoro. Shingo yangu imezunguka kote huko, na nimesoma vya kutosha kujua kwamba hii si shida yangu peke yangu.

"Babu yako alitembea na ngamia"

Mwambie abti mgongo unakuuma uone atakavyokucheka. "Wewe? Babu yako alitoka Wajir kwa miguu na ngamia, hakulalamika hata siku moja." Sawa, abti. Lakini jisikilize vizuri: babu alitembea. Hakukunjwa kwenye kiti cha plastiki saa tisa akitazama skrini ya inchi 14. Mwili wake ulichoka, lakini ulichoka ukiwa unasogea.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na linakadiria watafika milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna tatizo lingine la mwili linalowalemaza watu wengi kuliko hilo duniani. Kwa hivyo wacha kufikiri ni ugonjwa wa wazee, au eti ni deko la watoto wa mjini.

Wala si jambo jipya. Bernardino Ramazzini, daktari wa Kiitaliano, alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700. Katika toleo la 1713 aliwaongeza makarani. Aliona wanaumizwa na mambo matatu: kukaa bila kuinuka, mkono unaorudia kitendo kilekile, na akili inayokazwa kutwa ili isikosee. Hiyo ni zaidi ya miaka 300 iliyopita, wakati wa kalamu na wino. Mtu akiandika hivyo leo kuhusu karani wa kaunti, hutabadilisha kitu.

Mwili unachofanya ukikaa

Wacha nieleze kwa mtungi. Chukua mtungi wa maji wa lita 5, uushike karibu na kifua. Poa tu. Sasa nyoosha mkono mbele ukiwa bado umeushika. Dakika moja tu bega linawaka moto. Kichwa chako kina uzito wa karibu kilo 5, kama huo mtungi. Kikiwa wima juu ya mabega, mifupa inakibeba. Ukikiinamisha kuangalia laptopu iliyo mapajani, misuli ya shingo ndiyo inakishikilia, na inakishikilia kwa masaa, bila kupumzika.

Chini huko kwenye kiuno, kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna visahani laini. Kwa mtu mzima, visahani hivyo havina mishipa yake ya damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka pembeni, na kusogea kwa mwili husaidia. Misuli nayo ikikaza muda mrefu bila kulegea, inachoka. Ndiyo maana baada ya saa tatu kwenye kiti unajisikia kama mlango uliokwama kwa kutu.

Shida ya laptopu ni kwamba skrini na kibodi vimeshonwa pamoja. Ukiweka kibodi mahali mikono inapenda, skrini iko chini na shingo inainama. Ukiinua skrini ifike usawa wa macho, mikono inaning'inia hewani kama ya mtu anayeongoza dua. Lazima uvitenganishe.

Meza nazo nyingi zimetengenezwa kwa kipimo kimoja, sentimita 70 na kitu. Sasa weka kwenye meza hiyo binti mfupi ambaye miguu haifiki sakafuni, halafu zamu ya jioni umweke barobaro wa futi sita na nusu anayepiga goti kwenye droo kila akigeuka. Meza ni ileile, kiti ni kilekile, na wote wawili wanaumia, kila mmoja kwa namna yake.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya wazungu havina: joto. Garissa ikifika nyuzi 37, hakuna anayekaa mahali meza ilipo. Tunakaa mahali feni inafika na waya wa chaji unafika. Ndiyo maana vijana wengi wa kazi za mtandaoni wanafanyia kazi sakafuni, wamelalia kiwiko kimoja, usiku wa manane, kwa sababu mteja wa Marekani ameamka na hewa imepoa kidogo. Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, na vijana wakahimizwa wachukue kazi za mtandaoni. Mambo ya intaneti yalizungumzwa. Ya mgongo, nani aliyazungumza?

Hizo meza za kupanda na kushuka je?

Mnaziona kwenye video: meza ya umeme, unabonyeza kitufe, inapanda, unafanya kazi umesimama. Nairobi zinauzwa, kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Wengine wanaziongelea kama dawa ya kila kitu.

Nimefuatilia. Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya tafiti za afya na kupima ubora wake, uliangalia meza hizo mwaka 2018. Zinapunguza muda wa kukaa kazini kwa kama dakika 100 kwa siku, angalau mwanzoni. Hilo si dogo. Lakini mapitio mengine ya Cochrane ya mwaka huohuo, yaliyoangalia tafiti 15 zenye wafanyakazi 2,165 wa ofisini, hayakuona kwamba kurekebisha meza peke yake au kuleta ya kupanda na kushuka kunapunguza maumivu ya shingo na mikono. Miongoni mwa vilivyoonyesha dalili ya kusaidia, ingawa ushahidi wake si wa nguvu, kuna kitu cha bure kabisa: mapumziko mafupi ya ziada kwa watu wa kuingiza data. Naam, walewale wa viti vya plastiki.

Kuna mtu atasema, "Si umeona? Basi viti havina maana." Tulia. Tafiti nyingi za aina hii zilifanywa nchi tajiri, kwa watu ambao tayari wana kiti cha kueleweka. Swali lao ni kama kitu kizuri kikiongezwa kinaleta faida zaidi. Sisi tunaanzia kwenye plastiki iliyopinda mguu. Na kusimama kutwa si tiba pia. Muulize askari wa getini, au mama anayeuza nguo Suuq Mugdi, miguu yake inajisikiaje ikifika magharibi. Mwili hautaki kukaa kutwa wala kusimama kutwa. Unataka kubadilisha.

Hapo ndipo nilipogundua kitu anachotuzidi bosi. Kile kiti cha ngozi ni mapambo tu. Utajiri wake ni kwamba anaweza kuinuka wakati wowote bila kuulizwa anaenda wapi. Akipokea simu, anatembea nayo hadi nje kwenye kivuli. Karani akiinuka mara mbili kabla ya saa sita, anaulizwa kama amekuja kazini au amekuja kutembea. Nimewahi kufanya kazi kwenye ofisi moja ambapo msimamizi alikuwa anahesabu safari zetu za chooni. Sitaitaja, lakini waliopita pale wanaijua.

Na usiniambie kazi itasimama watu wakiinuka. Adhuhuri ikiadhiniwa, nusu ya ofisi za mji huu zinanyanyuka, watu wanatawadha, wanaswali, wanarudi. Alasiri tena. Hakuna ofisi iliyofungwa kwa sababu hiyo. Swala ni ibada, siigeuzi kuwa mazoezi ya viungo. Ninachosema ni kwamba tayari tunajua kupanga kazi ambayo ina nafasi ya mtu kuondoka kwenye kiti. Dakika tano nyingine saa nne asubuhi na saa tisa alasiri hazitaangusha kaunti.

Sheria iko, imelala tu

Hii wengi hawaijui. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Ndiyo, mwaka uleule M-Pesa ilizaliwa. Kifungu cha 76 kinazungumzia jambo hili moja kwa moja: mwajiri anatakiwa kuchukua hatua ili mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vimfae mfanyakazi na uwezo wake, pamoja na kumkinga na msongo wa akili. Soma tena polepole. Kazi imfae mtu. Haijasema mtu ajikunje aingie kwenye kazi.

Sheria hiyohiyo inataka pawe na viti vya kufaa pale ambapo mfanyakazi anaweza kufanya kazi akiwa ameketi. Na inasema sehemu ya kazi yenye watu 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama na afya. Inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, awe wa muda au wa kudumu. Kwa hivyo yule dada wa M-Pesa anayekaa kwenye stuli isiyo na mgongo ndani ya kibanda cha mabati yumo. Wewe wa mkataba wa miezi mitatu umo pia.

Ulaya nako waliweka maagizo mwaka 1990 kuhusu kazi za skrini: kiti lazima kipande na kushuka, sehemu ya mgongo irekebishike, na anayetaka pa kuwekea miguu apewe. Hawakuandika "kwa wakurugenzi pekee".

Ofisi yako ina kamati? Iliketi lini mara ya mwisho? Uliza hilo swali kwenye kikao na uone watu wanavyotazamana.

"Kuna ukame, wewe unaongea viti?"

Najua hilo litakuja. Kaskazini Mashariki ina ukame, ina mafuriko ya Tana, ina shule zisizo na walimu. Hamali anabeba gunia la kilo 50 sokoni na hana hata mkanda. Mimi kijana wa laptopu nalia shingo.

Jibu langu la kwanza: hamali naye analindwa na sheria hiyohiyo, na maumivu yake hayapungui mimi nikinyamaza. Maumivu si mashindano ambayo atakayeshinda ndiye atatibiwa.

La pili: hela ya viti inatumika tayari. Idara ikifunguliwa, viti vinanunuliwa. Mradi ukija, meza zinanunuliwa. Mimi siombi bajeti mpya. Naomba mistari michache kwenye zabuni: kiti kipande na kishuke, kiwe na mgongo, na cha karani kiwe sawa na cha mkurugenzi. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya nafasi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Basi wapeni mafundi seremala wa hapa mjini. Mathenge umejaa kila mahali, umevamia malisho, kila mtu anaulaani, na mbao zake ni ngumu. Fundi anaweza kutengeneza kibao cha kuinulia laptopu, pa kuwekea miguu, au meza yenye mashimo ya kubadilisha urefu kwa kuhamisha pini. Haihitaji umeme. Stima ikipotea, na inapotea, meza yako haikwami hewani.

La tatu: kijana anayeumia anatumia pesa. Anaenda duka la dawa, ananunua diklofenaki, anameza wiki baada ya wiki kama peremende. Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu bila ushauri zinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, na hatari inazidi mwili ukikosa maji, joto la huku unalijua. Wengine wanakimbilia hijama, wanapata nafuu siku mbili, kisha Jumatatu wanarudi kwenye kiti kilekile. Mwishowe anaacha kazi, na hana mkataba wala fidia. Huyo ndiye aliyekuwa analipia wadogo zake karo.

Kabla kaunti haijaamka

Fanya hivi leo, kwa gharama ndogo. Inua laptopu kwa katoni au vitabu hadi ukingo wa juu wa skrini ufike usawa wa macho, umbali wa urefu wa mkono. Nunua kibodi ya pembeni, hata ya mtumba. Viwiko vikae karibu na mbavu, vikikunjwa kama pembe ya mraba. Miguu ifike chini. Kama haifiki, weka kreti la soda lililogeuzwa. Taulo iliyokunjwa nyuma ya kiuno inafanya kazi ya kiti cha maelfu. Sogeza meza iende kwa feni, usisogeze mgongo wako uifuate. Na kila nusu saa, inuka. Kamwage maji, kajaze chupa, kapokee simu ukiwa umesimama.

Baada ya kazi, wasee, tuambiane ukweli. Kutoka kwenye kiti saa kumi na moja na kwenda kuketi mafrishi na mirungi hadi saa sita usiku, umeegemea mto uleule upande uleule, ni zamu ya pili isiyo na mshahara. Tembea kwanza. WHO inashauri angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kwa wiki. Baada ya alfajiri kukiwa bado baridi, mwendo wa kwenda na kurudi upande wa daraja la Tana unatosha. Madada ambao hawapendi kutazamwa, tokeni watatu au wanne, hakuna atakayewasumbua.

Na kuna dalili ambazo si za kiti. Ukipata ganzi kwenye miguu au sehemu za siri, ukishindwa kuzuia mkojo, au mgongo ukiuma pamoja na homa na kupungua uzito, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje, na usikubali mtu akuambie ni baridi imeingia.

Kwa walio na vyeo: Jumatatu ukiingia ofisini, kabla hujaketi, zunguka uone aliyekaa saa nyingi zaidi wiki iliyopita amekalia nini. Kama uko safarini siku tatu kwa wiki, msukumie kile kiti chako cha magurudumu. Kinaviringika, hakihitaji hata kubebwa.

Na wewe karani, usiombe hicho kiti kama sadaka. Taja Kifungu cha 76.